Picha za vijana ufukweni: kitu cha kushika achague mwenyewe

SWALI: Mimi ni shangazi, nakaa Kigamboni. Desemba watoto wa marehemu kaka yangu wanakuja likizo kutoka Dodoma: binti wa miaka 17 aliyemaliza kidato cha nne, na mdogo wake wa kiume, miaka 14. Nataka niwapige picha nzuri ufukweni, kila mmoja na kitu chenye maana kwake, na mama yao ameridhia. Mwaka jana tulijaribu saa 7 mchana. Walisimama kama wanaapishwa, macho wameyafinya, nyuso zimetoka nyeusi tii na bahari inawaka nyuma. Safari hii nimeshanunua kofia za ukili, miwani na maputo ya herufi. Kijana nafikiri nimvalishe saa ya baba yake, maana ndiyo tuliyobaki nayo. Ukimuuliza mwenyewe anasema hana kitu. Binti ana daftari la michoro ambalo hamwonyeshi mtu. Nina simu, na jirani ataniazima kamera yenye lenzi mbili. Nifanyeje? Nikishapiga, niziweke mtandaoni? Na mimi niingie kwenye picha au nibaki nyuma ya kamera?

JIBU: Dada yangu, kwanza pole kwa kuondokewa na kaka. Naanza na ile saa, kwa sababu mengine uliyouliza yana dawa zake na si ngumu. Saa ndiyo yenye uzito.

Usimvalishe. Ifunge kwenye kitambaa, itie mkobani, na siku moja kabla, mkiwa wawili tu, mwambie: "Saa ya baba ninayo. Ukiitaka kesho utaniambia, usipoitaka hakuna neno." Halafu usiitaje tena. Mtoto wa miaka 14 akifungwa mkononi saa ya baba aliyekufa, kamera ikiwa imemkodolea, anakuwa amepewa kazi ya kuomboleza mbele za watu, na uso wake utaionyesha kazi hiyo. Lakini akiifungua mwenyewe kile kitambaa, akaipeleka sikioni kusikiliza kama bado inatembea, hapo wewe piga. Picha hiyo ataitazama akiwa na miaka 40.

Nimepiga picha za familia hapa Dar es Salaam na pwani ya Unguja kwa miaka zaidi ya 20, na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko lolote ni hilo: mtu mzima anachagua kitu chenye maana kwake yeye, kisha anamshikisha kijana. Kijana anakishika kwa heshima, kwa ncha za vidole, kama anayebebeshwa trei ya glasi ugenini. Ukiitazama ile picha unaona adabu. Yeye mwenyewe humuoni.

Kipimo changu ni mikono. Kitu kikiwa cha mtu kweli, mikono yake inajua la kufanya nacho bila kuambiwa. Niliwahi kupewa kijana wa miaka 15 aliyekuwa kama huyu wako, "sina kitu, anko", kila nikimuuliza. Mama yake alikuja na gitaa la kuazima. Tulihangaika nalo nusu saa nzima, pozi baada ya pozi, mpaka nikasema tupumzike tunywe maji. Akaenda kwenye begi lake akatoa glavu za kipa. Zilikuwa zimechanika kwenye kiganja na kushonwa kwa uzi wa viatu, mshono mnene umejikunja kama kovu. Akavaa ya kushoto, akaikaza kwa mkono wa kulia. Kisha akavaa ya kulia, na kwa kuwa mkono wa kushoto ulishakuwa ndani ya glavu na vidole vimekuwa vinene, akainamisha kichwa, akaung'ata ule mkanda wa kifundo kwa meno na kuuvuta. Amefanya hivyo mara elfu, hata hajui kama anafanya. Nilipiga picha tatu tu, na ya pili ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwao. Macho yametazama chini, shingo imekaza, bahari nyuma yake ni rangi tu. Hakuna anayeiona asiulize, "huyu anadakia timu gani?"

Kwa hiyo usimuulize kijana "kitu gani kina maana kwako?" Swali hilo ni kubwa mno, hata mimi lingenishinda. Muulize maswali madogo yenye majibu ya kushikika. Mvua ikivujisha paa usiku, utahamisha nini kwanza? Kitu gani dada yako haruhusiwi kukigusa? Nini kimo begini mwako sasa hivi ambacho hukukitoa tangu Dodoma? Atakutajia chaja, atakutajia viatu, atacheka, na katikati ya hayo atataja kitu fulani kisha anyamaze kidogo. Hicho hapo. Huenda ni kitu cha ovyo machoni pako, mpira uliopasuka au jezi iliyompwaya. Mwambie aje nacho kama kilivyo, usikifue wala usikipake rangi.

Maputo ya herufi, dada, yaache nyumbani. Najua umeshatoa hela. Lakini upepo wa kaskazi Desemba haukai kimya, yatakuwa yanapiga watu usoni, ile karatasi yake ya kung'aa itarusha jua kwenye lenzi, na moja likiponyoka linaishia baharini ambako kasa huyala mabaki ya plastiki wakidhani ni chakula. Kofia za ukili na miwani zitafaa kujikinga jua mkiwa mnasubiri zamu. Sizidharau zana za studio. Sisi wapiga picha tumelelewa nazo. Capital Art Studio ya Unguja ipo tangu 1930, na Bamako kule Mali, Seydou Keïta aliyefungua studio yake 1948 alikuwa na redio, saa, kalamu, hata pikipiki ya Vespa, vya wateja kushika. Watu walivipenda kwa kuwa vilionyesha wanachotamani kuwa. Baada yake Malick Sidibé akatoka nje na kamera, akawafuata vijana kwenye dansi zao na kwenye kingo za mto Niger walikokwenda kuogelea, na huko vijana walijionyesha kwa walichokuja nacho wenyewe. Wewe fuata njia ya Sidibé. Unao ufukwe na wanao. Vya kushika watakuja navyo.

Binti na daftari lake. Usimwombe alifungue. Mwambie tu: "Njoo na daftari na penseli, nitakupiga ukiwa unachora, ukurasa sitaupiga." Na ushike neno lako. Kaa pembeni yake nyuma kidogo ya bega, upige shavu, mkono, penseli na mgongo wa daftari. Mtu anayechora ana uso ambao hawezi kuuigiza: midomo inakazika, nyusi zinashuka, halafu zinafunguka mstari ukikaa sawa. Subiri pale zinapofunguka. Upepo utamgeuzia kurasa, kwa hiyo beba vibanio viwili vya nguo. Na asipotaka hata kuchora, daftari likiwa limefungwa kifuani, mikono yote miwili juu yake, ni picha iliyokamilika. Anayelitazama atajua kuna kitu ndani na kwamba si chake kukiona. Kwa binti wa miaka 17 anayengoja matokeo yake ya kidato cha nne, hilo ni jambo la kweli kuhusu maisha yake kwa sasa.

Kabla sijafika kwenye mwanga, niseme kuhusu vitu visivyo na mbadala, kwa sababu kosa hili nililifanya mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilimpiga kijana mmoja akiwa na kofia ya vito ya babu yake, kofia ya kushonwa kwa mkono, ile ambayo ukiitazama kwa karibu unaona tundu moja moja limezungushiwa uzi. Nilimwambia airushe juu aidake, nikitaka picha yenye uhai. Mara ya tatu upepo uliichukua. Ilitua majini, wimbi likaivuta, na yule kijana akaingia baharini na nguo zake hajui hata kuogelea vizuri. Mvuvi aliyekuwa anasogeza ngalawa yake ndiye aliyemrudisha ufukweni, kisha akaifuata kofia kwa mpondo. Ilirudi, imelegea, imeingia chumvi. Mama yake aliniambia hakuna neno. Mimi najua lilikuwepo. Tangu siku ile, kitu kisicho na mbadala hakivuki kwangu ule mstari wa mwani unaoonyesha maji makuu yalipofika, hakirushwi, na kinakaa mikononi mwa mwenyewe au kwenye mfuko wenye zipu. Saa ya kaka yako iingie kwenye sheria hiyo. Chumvi ikiingia ndani ya saa ya zamani haitoki.

Sasa mwanga. Saa 7 mchana ndiyo iliyowaharibia mwaka jana, na wala si kosa la watoto. Desemba jua la Dar es Salaam mchana liko karibu utosini. Linatia vivuli kwenye matundu ya macho, na wakati huohuo mchanga mweupe unalirusha kutoka chini. Mtu anafinya macho kwa pande zote mbili.

Ufukwe wenu unatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi, nchi kavu. Watu wengi wanaiga picha za machweo za Kendwa au Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako jua linazama majini, kisha wanashangaa kwa nini Kigamboni haitoki vile. Kwenu saa ya dhahabu ni asubuhi. Desemba jua linatoka saa 12 na dakika chache, na kutoka hapo mpaka kama saa 1 na nusu una mwanga mlaini unaokuja mlalo kutoka baharini. Ukimgeuza mtoto atazame bahari, wewe ukasimama upande wa maji, mwanga wote unamlalia usoni, nyuma yake ni minazi na mivinje. Ukimgeuza atazame nchi kavu, jua linakuwa nyuma yake na kumchora ukingo wa dhahabu kwenye nywele na mabega. Hapo uso unahitaji kusaidiwa, nitakueleza. Jioni pia kuna nafasi. Kuanzia kama saa 11 na nusu, kivuli cha miti kinashuka mchangani, na ukimsimamisha ndani ya kivuli hicho akitazama bahari, anapata mwanga wa anga iliyo wazi, mlaini kabisa, hafinyi jicho. Lakini giza kwetu huingia haraka. Jua likishazama, kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasorobo, una kama dakika 20 tu za mwanga wa kufaa.

Mimi ningechagua asubuhi, na sababu kubwa si jua. Ni watu. Jioni ufukweni kuna wauza mihogo, wapiga mpira, vijana wenzao wanaokaa kwenye ukuta kutazama. Hakuna kinachomkausha tineja kama kutazamwa na matineja wenzake. Saa 12 asubuhi ufukwe ni wenu na wavuvi, na wavuvi wana kazi zao. Watalalamika kuamshwa, waahidi chai ya tangawizi na vitumbua baadaye, na utimize. Msiende wawili watatu tu kwenye sehemu ya pweke na kamera ya watu. Mchukue mtu mzima mwingine.

Tazama na maji. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa 10 alfajiri na kupwa kabisa kama saa 4 asubuhi, na tofauti yake inaweza kupita mita 3. Maana yake saa 12 asubuhi ya siku hizo maji yanaondoka. Yanakuachia mchanga umepigwa pasi, hauna unyayo hata mmoja, umelowa na unaakisi anga kama kioo. Na kwa kuwa yanaondoka, hayatawazunguka mkiwa kwenye fungu la mchanga. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, asubuhi hiyo yanakuja juu. Kwa hiyo lenga siku ya mwezi mpevu au moja mbili kabla yake. Usitegemee hesabu yangu peke yake. Muulize mvuvi yeyote wa hapo jioni ya kuamkia siku hiyo.

Kuhusu nyuso nyeusi tii. Kamera na simu hukisia mwanga kwa kuchukua wastani wa kila kinachoonekana. Ikiona anga, maji na mchanga vinawaka, inapunguza mwanga wote, na mtu mwenye ngozi yetu aliye katikati anazama gizani. Haikukusudiwa ubaya, lakini historia ipo: enzi za filamu maabara nyingi zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa kizungu, zikaitwa kadi za Shirley, na weusi wetu haukuwemo kwenye hesabu. Kwa hiyo hesabu ifanye wewe. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka ijifunge, kisha pandisha kidole mpaka uone mashavu yana umbo. Anga itapauka kidogo. Iache ipauke, hukwenda kupiga picha anga. Kwenye kamera ya jirani tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza hatua moja, piga, utazame mashavu, uongeze au upunguze.

Jua likiwa nyuma yao, chukua shuka jeupe, wawili walishike wazi mbele ya anayepigwa, nje kidogo ya picha, kwenye usawa wa kifua. Linarudisha mwanga usoni, tena kwa upole kuliko flashi. Jaribu nyumbani kwenye baraza uone, utashangaa. Jasho lipanguse kwa leso, poda usiwapake. Ngozi nyeusi yenye mafuta kidogo hushika mwanga wa asubuhi kwenye paji na mfupa wa shavu, na hapo ndipo umbo la uso linapotoka. Na zima ule urembo wa simu unaolainisha ngozi na kuifanya nyeupe. Binti akijiona amechubuliwa na simu ya shangazi yake atakuwa ameambiwa jambo ambalo hukukusudia kumwambia.

Lenzi mbili za jirani, tumia ile ndefu. Ile pana ukiisogeza karibu inakuza kilicho mbele, kwa hiyo glavu au daftari litakuwa kubwa kuliko kichwa. Kwa simu, weka ukuzaji wa mara 2 (2x) na urudi nyuma kwa miguu yako. Watu wa mjini watakuambia ufungue lenzi mpaka mwisho ili nyuma pote pafifie. Usifuate. Kitu kiko mkononi, mkono uko mbele ya uso kwa nusu hatua, na ukifungua sana kimoja kinakuwa wazi na kingine ukungu. Weka namba ya tundu la lenzi, ile yenye herufi f, kwenye 4 au 5.6 ili vyote viwili visomeke. Kwa sababu hiyohiyo zima pozi la potreti kwenye simu. Halijui penseli na vidole vinaishia wapi, linavikata kingo. Na ikiwa kitu kina maandishi, jezi au kanga yenye jina lake, usitumie kamera ya mbele. Simu nyingi hugeuza maandishi, na kanga iliyoandikwa "Wema hauozi" ikasomeka kinyume inaumiza jicho la kila Mswahili.

Ukitoka na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi, usiifungue hapohapo ufukweni. Joto na unyevu wa pwani vitaijaza ukungu lenzi yote. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kama nusu saa izoee. Lenzi usizibadilishe mchangani hata mara moja, na mkirudi ipanguse kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi kisha kikavu. Ni mali ya jirani.

Wakishafika, robo saa ya kwanza ihesabu imekwenda bure. Piga, lakini usitarajie. Wanazoea. Usiseme "cheka" wala "kaa kawaida". Hakuna aliyewahi kukaa kawaida kwa kuambiwa. Mpe kazi: nionyeshe unavyolifunga, nieleze hii alama ilitoka wapi, mfundishe dada yako. Akieleza anamtazama dada yake, mikono inakwenda, mabega yanashuka. Kupiga wawili pamoja nako ni hivyo. Usiwapange kwa urefu bega kwa bega. Mwache kijana amfundishe dada kushika kitu chake, au dada amchore mdogo wake. Piga na mikono peke yake, karibu kabisa, kucha na mchanga uliogandia kwenye vifundo vya vidole. Katika albamu nyingi nilizofunga, ukurasa wa mikono ndio ambao wenyewe huukalia muda mrefu. Na mmoja akisema basi, ni basi. Ukiwa na dakika 40 za hiari umepata nyingi.

Nguo wachague wenyewe, rangi moja moja isiyo na maandishi makubwa ili kitu walichoshika ndicho kisomeke. Ziwe nguo wanazoweza kukaa nazo mchangani bila kujivutavuta. Za kuogelea ziache kwa kuogelea, baada ya kamera kurudi mkobani. Nguo iliyolowa kwenye mwili wa binti wa miaka 17 ni jambo ambalo huwezi kulirudisha likishasambaa.

Hilo linanipeleka mtandaoni. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 wote wawili ni watoto, bado hawajafika miaka 18, na tangu 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika. Mama yao ameridhia picha kupigwa. Kuzitangaza ni ruhusa nyingine, iulize kivyake. Kisha waulize wenyewe, picha moja moja, na "hapana" ya mmoja wao imalize mazungumzo hata kama ndiyo picha unayoipenda kuliko zote. Wewe unaona mtoto mzuri. Yeye anawaona wanafunzi wenzake wa bweni jipya wakiichungulia picha hiyo kwenye simu. Zile mtakazokubaliana, hakikisha hazina beji ya shule wala jina lake, na zima alama ya mahali kwenye simu. Picha ya saa, kama itakuwepo, mimi nisingeiweka popote. Ningeichapisha. Nenda studio, chagua karatasi nzuri, na umwambie kijana aandike mwenyewe nyuma yake kwa penseli, tarehe na ile saa ilikuwa ya nani. Kalamu ya wino hupenya mpaka upande wa mbele baada ya miaka.

Umeuliza kama nawe uingie. Ingia, ila mwishoni, wakishachoka kupigwa. Mpe binti simu. Anayechora anajua kutazama, atakupiga vizuri kuliko unavyodhani. Mwonyeshe mara moja tu namna ya kugusa uso na kupandisha mwanga, kisha usimwelekeze. Wewe simama juu ya ule mstari wa mwani, tazama bahari, jua likulalie usoni. Na uwe na kitu chako kama wao. Kama mpaka saa hiyo kijana hajaiulizia ile saa, ifungue kitambaa uivae wewe. Alikuwa kaka yako.